Duara safi kwenye sahani halijawa dawa bado

Kuna kitu kimoja nakipenda kuliko vyote kwenye hii kazi, nacho ni kufungua inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea bakteria, asubuhi. Jana yake umepaka bakteria kwenye sahani ya aga, ile jeli wanayoota juu yake, umepanga vile vipande vya karatasi vya duara, milimita 6 tu kila kimoja, umevilowesha ekstrakti, yaani vile vitu ulivyovitoa kwenye majani yako kwa kuyaloweka, umefunga ukaenda kulala na usingizi wenyewe wa mang'amung'amu. Asubuhi unafungua, ile harufu ya bakteria waliokesha wakila inakupiga usoni, unainua sahani kwenye mwanga na unaona sahani nzima imetanda utando kama maziwa yaliyomwagika, lakini pale kwenye karatasi yako pamezungukwa na duara safi, aga inang'aa kama kioo, hakuna kilichoota. Moyo unaruka jamani. Miaka yote hii na bado unaruka.

Naandika hii kwa sababu napata meseji nyingi za aina moja, "mmea fulani umeshapimwa maabara ukaonekana unaua bakteria, mbona hawautengenezi dawa?" Na anayeuliza ana haki kabisa ya kuuliza, wengine wanauliza kwa uchungu maana wana mgonjwa ambaye dawa zimegoma. Usugu wa bakteria upo na unaua, mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya maambukizi sugu. Kwa hiyo sitaki kumjibu mtu kwa mstari mmoja. Jibu langu ni refu na linaanzia kwenye sahani yangu ya kwanza kabisa.

Ilikuwa majani ya mpera. Nilikausha kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye methanoli siku tatu, nikachuja. Enzi hizo nilikuwa situmii karatasi, nilikuwa natoboa vishimo kwenye aga na kuvijaza ekstrakti, mikrolita 50 kila kishimo, bakteria walikuwa Staphylococcus aureus ambao sisi tunawaita tu stafi. Asubuhi duara la milimita 17! Nikapiga picha, nikapima na rula mara tatu, nikamkimbilia mwalimu wangu wa maabara. Akaangalia sahani, akaigeuza juu chini, akaniuliza swali moja tu: "Kishimo chako cha methanoli tupu kiko wapi?"

"Sikuweka, mwalimu."

"Basi rudia, na safari hii uweke."

Nikarudia. Kishimo cha methanoli tupu, ambacho hakina hata chembe ya jani, kikanipa duara la milimita 11. Yaani sehemu kubwa ya furaha yangu ilikuwa ya kiyeyushi, mpera ulikuwa umechangia kidogo tu na hata hicho kidogo nilikuwa siwezi kukisema ni kiasi gani. Tangu siku hiyo hakuna sahani inayotoka mikononi mwangu bila kiyeyushi kitupu upande mmoja na antibayotiki inayojulikana upande wa pili. Kitupu kinakwambia kama unadanganywa na kiyeyushi, antibayotiki inakwambia kama bakteria wenyewe wako sawa, maana kama hata dawa yenye uhakika haijawazuia basi kuna kitu kimeharibika siku hiyo na matokeo yote unayatupa. Hata DMSO, ambayo wengi tunaitumia kuyeyushia vitu visivyopenda maji, ukiizidisha inazuia bakteria yenyewe. Mi siivuki asilimia 1 ya mchanganyiko.

Sasa tuseme umeweka kontrol zote, yaani hivyo vya kulinganishia, na duara bado lipo. Kitu cha pili ambacho watu hawaambiwi ni kwamba ukubwa wa duara haukwambii nguvu ya dawa. Kampaundi, yaani kemikali yenyewe iliyomo kwenye mmea, inabidi isafiri kutoka kwenye karatasi ipite ndani ya aga, na aga ni maji yaliyogandishwa. Kampaundi ndogo inayopenda maji inakimbia mbali na kuchora duara kubwa hata kama ni dhaifu, kampaundi kubwa yenye mafutamafuta inabaki pale pale ilipowekwa, duara linatoka dogo au halitoki kabisa, na huenda hiyo ndo ilikuwa na nguvu kuliko zote. Halafu kuna unene wa aga (unatakiwa milimita 4), kuna wingi wa bakteria uliopaka, ukipaka wachache duara linakua kubwa ukipaka wengi linasinyaa. Ndo maana kabla ya kupaka tunalinganisha ukungu wa mchanganyiko na kipimo cha McFarland 0.5, ambacho ni kama bakteria milioni 150 kwa kila mililita. Kwa hiyo nikiona mtu anaweka milimita za mmea wake na milimita za antibayotiki pembeni na kusema "mmea umeishinda dawa", naumia kweli, kwa sababu msomaji wa kawaida hana namna ya kujua kwamba hizo namba mbili haziwezi kushindanishwa.

Kipimo chenye maana kinaitwa MIC, yaani kiasi kidogo kabisa cha kitu kinachoweza kuzuia bakteria wasiote. Hapa tunaachana na aga tunahamia kwenye bamba la plastiki lenye visima 96 vidogo kama vya kuchezea bao. Kisima cha kwanza unaweka ekstrakti kali, tuseme mikrogramu 1000 kwa mililita, cha pili nusu yake, cha tatu nusu ya nusu, unashuka hivyohivyo 500, 250, 125, 62.5, mkono unauma na pipeti na ukipoteza hesabu katikati unaanza upya. Kila kisima kinapata bakteria kama laki 5 kwa mililita. Usiku mmoja inkubeta, asubuhi unasoma.

Kusoma nako kuna kazi yake. Ekstrakti ya majani ni kijani kizito, hutaona kama kisima kimechafuka kwa bakteria au kwa rangi ya majani. Kwa hiyo tunadondosha resazurini, rangi ya bluu ambayo bakteria hai wakiigusa inageuka kuwa pinki, waliozuiwa wanaiacha bluu. Inapendeza sana ile safu, bluu bluu bluu halafu ghafla pinki, na pale inapogeukia ndo unapata namba yako. Ila mimea mingi ina vitu ambavyo vinaweza kuigeuza resazurini pinki vyenyewe bila bakteria yeyote kuwepo! Bila safu ya ekstrakti isiyo na bakteria pembeni hutajua nani kaibadilisha rangi.

Mpera wangu ukatoa MIC ya mikrogramu 500 kwa mililita. Kwa ekstrakti ghafi wengi wetu tunaanza kuchangamka tukishuka chini ya 100, na kwa kampaundi safi chini ya 10. Ili upate picha, siprofloksasini, ambayo ni antibayotiki, inazuia E. coli, bakteria wa utumboni, wale wa kupimia, wale wa kawaida wasio na usugu, kwa mikrogramu kama 0.015 kwa mililita au hata chini ya hapo. Ukisoma sehemu mmea umezuia E. coli kwa 1000, hiyo ni zaidi ya mara elfu 60. Najua kabisa ekstrakti ni mchanganyiko wa mamia ya kampaundi na huenda yenye kazi ni moja tu iliyojificha humo kwa kiasi kidogo, kwa hiyo kulinganisha hivyo si haki sana kwa mmea, lakini ni haki kwa mgonjwa, kwa sababu mgonjwa hawezi kunywa ndoo.

Nikaendelea na mpera hata hivyo maana niliupenda. Mwalimu akaniambia nitoe tanini kwanza. Tanini ndo zile zinazokukausha mdomo ukitafuna jani bichi, zinashika protini yoyote inayokatiza mbele yake, za bakteria, za chakula cha bakteria, za mate yako, hazichagui. Kwenye sahani zinaonekana shujaa kwa sababu zinakaba kila kitu, ukizimeza zinakutana na protini za tumboni na zinaishia hukohuko. Nikapitisha ekstrakti kwenye poliamidi ambayo inazinasa, nikapima kilichobaki, na mpaka 1000 stafi walikuwa wanaota kwa raha zao. Kazi ya miezi minne ikaishia pale. Sikulia lakini nilinyamaza siku nzima. Sasa hii haimaanishi kwamba jani la mpera halina faida, tanini hizohizo kwenye kidonda cha ngozi au kwenye fizi ni habari nyingine kabisa maana huko zinafika moja kwa moja. Inamaanisha tu kwamba sikuwa na dawa ya kumeza ya kuua stafi, na duara langu lilikuwa limenionesha kama ninayo.

Kuna upande wa pili wa hii hadithi ambao pia lazima niuseme, kwa sababu kuna watu wa maabara wanaoidharau mimea haraka mno. Unaweza ukaukosa mmea mzuri kwa sababu uliuandaa vibaya. Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Tu Youyou wa China. Ule mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulianza 1967, timu yake ikapima ekstrakti nyingi za mimea, na mmea mmoja, ule wa qinghao, ulikuwa leo unafanya kazi kesho haufanyi. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maelekezo yanasema chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Hakuna kuchemsha! Akafikiria labda joto ndo linaua dawa. Akabadilisha akatumia etha, kiyeyushi ambacho kinachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikamaliza vimelea vyote vya malaria kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wao wenyewe kwanza kuona kama ni salama, na mwaka huohuo artemisinini ikatolewa ikiwa safi. Nobel ilikuja 2015. Mmea ni uleule, kilichobadilika ni mkono wa aliyeuandaa, na jibu lilikuwa kwenye maneno ya tabibu wa zamani ambayo ilibidi mtu ayasome taratibu.

Ndo maana siku hizi nikiletewa mmea swali langu la kwanza linakuwa mnauandaaje, wa kuchemsha au wa kuloweka, mbichi au mkavu, unasagwa au unawekwa mzima. Kitunguu saumu kwa mfano ukikiacha kizima alisini haimo, inatengenezwa pale unapokiponda, kimeng'enya kinakutana na malighafi yake ndo inazaliwa, na haidumu. Ukikichemsha kizima kizima umeua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Mtu anayesema "ponda kwanza uache kidogo" anajua kitu hata kama hajawahi kusikia neno kimeng'enya.

Na bakteria wenyewe hawafanani. Mimea mingi inaonesha kazi kwa stafi halafu kwa E. coli inakaa kimya, na sababu inajulikana, E. coli na ndugu zake wa kundi linaloitwa Gramu hasi wana ngozi ya ziada kwa nje inayozuia vitu vingi kuingia, na vile vinavyofanikiwa kuingia vinakutana na pampu za kuvitoa nje. Kwa hiyo mtu akipima stafi peke yake akaandika "mmea huu unaua bakteria" amesema nusu ya habari.

Kuhusu hizi sifa zingine, za kupunguza sumu mwilini sijui kuzuia kansa sijui kisukari, niseme kwa kifupi tu. Kipimo cha DPPH ambacho kila mwanafunzi anakifanya, ile zambarau inayogeuka njano, ni kipimo cha kemia ndani ya chupa na hiyo DPPH haimo mwilini mwa mtu yeyote, karibu kila jani lenye fenoli litaigeuza. Na manjano, ile kurkumini yake, inang'aa yenyewe kwenye mwanga wa mashine, inashikana na protini ovyo na inavunjika haraka, kwa hiyo inaweza kuonekana inafanya kazi kwenye vipimo vya kila aina wakati hakuna inachofanya. Lakini pia kuna mazuri yaliyopatikana bila kutarajiwa. Kale kaua ka vinka, yale majani yake yalipelekwa maabara Kanada miaka ya 1950 kwa sababu watu waliyatumia kwa kisukari. Sukari haikushuka kwenye panya, ila watafiti wakaona panya waliodungwa ekstrakti wanakufa kwa maambukizi, wakachimba wakakuta seli nyeupe za damu zimeporomoka. Mwingine angesema mmea ni sumu, tupa. Wao wakajiuliza, kama inashusha seli nyeupe, je ugonjwa ambao seli nyeupe zimezidi? Ikatoka vinblastini, na ndugu yake vinkristini mpaka leo inatumika kutibu watoto wenye kansa ya damu. Hiyo huwa nawasimulia wanafunzi wote wanaofuta matokeo wasiyoyapenda.

Sasa mmea nilionao mezani leo. Ni magamba ya mizizi, sitautaja jina kwa sababu kazi haijaisha na mmea wenyewe ukichimbwa mzizi unakufa, nikiutaja leo kesho watu wataung'oa. Huu umepita tanini, umepita kiyeyushi, kwa stafi umetoa 62.5 mara tatu mfululizo kwa siku tofauti. Nilifurahi lakini kwa adabu. Nikaupeleka kwenye seli za Vero, seli za figo ya nyani zinazofugwa maabara, kwa sababu jiki nayo inaua bakteria na hakuna anayeinywa. Seli zikaanza kufa nusu yake kwenye 190 hivi. Gawanya 190 kwa 62.5 unapata 3. Tunataka walau 10. Maana yake kile kiasi kinachomzuia bakteria na kile kinachomuumiza mwenye mwili viko jirani mno.

Basi nikaugawa. Unamimina ekstrakti juu ya bomba la kioo lililojaa silika, unapitisha viyeyushi kuanzia cha mafuta mpaka cha maji, na rangi zinashuka polepole zikiachana, njano, kahawia, nyekundu iliyofifia, unazikinga kwenye vichupa. Nilipata mafungu 12. Nikapima kila moja, na hapo ndo nilipokwama wiki kadhaa, kwa sababu hakuna fungu hata moja lililofikia 62.5 ya mwanzo. La 5 lilitoa 125, mengine yote 500 kwenda juu. Nguvu ilikuwepo kwenye mchanganyiko, nilipoutenganisha ikapotea.

Nikakumbuka kazi moja ya Marekani ya mwaka 2000 kuhusu berberini. Berberini peke yake stafi wanaitema nje kwa pampu yao inayoitwa NorA, lakini mmea uleule unaotengeneza berberini unatengeneza na kampaundi nyingine ambayo yenyewe haiui chochote, kazi yake ni kuziba ile pampu. Ukizitenganisha unaona moja dhaifu na nyingine bure kabisa, ukiziweka pamoja bakteria hana pa kutokea. Kwa hiyo nikalichukua fungu la 5 nikalichanganya na kila fungu jingine, moja moja, visima vingi mno, bamba nne kwa siku. Na fungu la 8, ambalo peke yake halifanyi chochote hata kwenye 1000, lilipokutana na la 5 safu ya bluu ikashuka mpaka 15.6. Nilirudia siku ya pili. 15.6. Ya tatu 31.25, kisima kimoja tofauti, hiyo ni kawaida kwa kipimo hiki.

Wiki iliyopita yote mawili yamepita kwenye seli za Vero. La 8 haliziumizi kabisa mpaka 500. La 5 ndo lenye ukali, zinaanza kufa nusu yake kwenye 180, na kuchanganywa na la 8 hakujaongeza ukali wake. 180 kwa 15.6 inapita 11, ila ukitumia ile 31.25 ya siku ya tatu inabaki 5 na ushee, kwa hiyo sijaandika 11 popote zaidi ya kwenye daftari kwa penseli. Bamba linalofuata naongeza la 8 na kupunguza la 5 hatua kwa hatua, nione linaweza kushuka mpaka wapi kabla pinki haijarudi.